Mgeni, benki yako ni ipi?

Leo tuachane kidogo na siasa tuongelee fedha. Sio fedha za vigogo, hapana. Nazungumzia fedha za kampuni ndogo ndogo za wageni zilizojaa huku pembezoni mwa jiji, kuanzia Mikocheni, Mwenge na Tegeta upande wa Kinondoni, mpaka Chang'ombe, Kurasini na Mbagala upande wa Temeke. Mnazijua. Geti la bati, mlinzi mwenye daftari, ndani mashine mbili tatu za kukata vioo au kutengeneza mifuko, wafanyakazi kumi na tano Watanzania, na mwenye kampuni ametoka Guangzhou, Gujarat, Istanbul au Johannesburg.

Mtu huyo akishapata cheti cha BRELA na namba ya mlipa kodi kutoka TRA, swali linalofuata ni moja: fedha niziweke benki gani? Anataka benki itakayopokea mtaji wake kutoka nje bila maswali ya mwezi mzima. Anataka alipe bidhaa za ng'ambo kwa wakati. Anataka alipe mishahara tarehe thelathini. Na siku akipata faida, anataka aweze kuituma kwao.

Ukilisikia swali hili haraka haraka unaweza kudhani ni suala la ada na riba tu. Mimi nimekuwa nikisoma historia ya benki za nchi hii kwa miezi kadhaa sasa, na kila nilipogeuka nimelikuta swali hilo hilo likiwa limevaa nguo za zama nyingine. Ninachoamini ni hiki: mgeni anapochagua benki hapa kwetu, anachagua pia ni nani wa kumwamini, na mara nyingi ni serikali gani ya kuiamini. Na sisi tulio ndani ya geti lake tunabebwa katika uchaguzi huo bila kuulizwa. Kwa hiyo tuifahamu historia yake, maana ni yetu pia.

Kabla ya benki palikuwa na mtu

Tuanze na neno hundi. Leo ukisema hundi kila mtu anafikiria kile kikaratasi cha benki. Lakini hundi imezitangulia benki katika pwani hii. Ni neno lililokuja na wafanyabiashara wa Kihindi, na maana yake ilikuwa barua ya malipo: unampa tajiri fedha zako Unguja, anakuandikia karatasi, na ndugu au mshirika wake aliyeko Bombay anakulipa ukifika na karatasi hiyo. Hakuna kaunta wala foleni. Kuna jina la mtu na uaminifu wa ukoo wake.

Mgeni wa Kimarekani aliyefika Unguja miaka ya 1830 kununua pembe za ndovu na kuuza nguo alilazimika kumtafuta mtu wa namna hiyo. Richard Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kisiwani humo, aliyefika mwaka 1837 naye mwenyewe akiwa mfanyabiashara kutoka Salem, alifanya biashara zake kwa karibu sana na Jairam Shivji. Huyu Jairam alikuwa amekodishwa na Sultani ukusanyaji wa ushuru wa forodha. Fikiria: mkusanya ushuru, mkopeshaji na mtunza fedha, wote katika mtu mmoja! Mgeni aliyekosana naye asingekuwa na mahali pa kwenda kulalamika.

Vivyo hivyo kwa misafara ya bara. Tippu Tip hakufika Manyema kwa ujasiri peke yake. Nyuma yake alikuwepo Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, aliyemkopesha bidhaa kwa makubaliano ya kulipwa kwa pembe. Na Bagamoyo alikuwepo Sewa Haji Paroo, aliyewapatia wasafiri wa Kizungu wapagazi, vitambaa na mahitaji mengine ya safari. Jina lake mnalisikia kila siku bila kujua: ni yule wa jengo la Sewahaji pale Muhimbili. Aliacha mali kwa ajili ya matibabu ya watu wa rangi zote, akafariki mwaka 1897.

Naam, hapo mwanzo benki ilikuwa mtu. Uzuri wake ni kwamba mtu alikujua. Ubaya wake ni kwamba aliyekuwa hajulikani hakuwa na kitu, na gharama ya mikopo yote ile ilimwangukia yule wa mwisho kabisa katika mnyororo, mpagazi na mtumwa, ambao hawakuwahi kuandikiwa hundi.

Benki iliyofuata bendera

Wajerumani walipoichukua nchi hawakuwa na haraka ya kuleta benki. Ilikuwa mwaka 1905 ndipo ilipoanzishwa Deutsch-Ostafrikanische Bank, makao yake Berlin na shughuli zake Dar es Salaam, ikiwa na haki ya kutoa noti za koloni. Mwaka 1911 ikafuata Handelsbank für Ostafrika kule Tanga, kwenye mkonge na reli. Kabla ya hapo, mwaka 1904, serikali ya koloni ilikuwa imeamua kwamba rupia moja igawanywe kwa heller 100 badala ya pesa 64 za mtindo wa Kihindi, na kwamba rupia 15 ziwe sawa na mark 20. Kwa lugha nyepesi: waliikata sarafu yetu kutoka Bombay wakaifunga Berlin.

Kwa mwenye kampuni ndogo ya Kijerumani, tuseme mwenye duka la vifaa vya mashamba, swali la benki likawa rahisi. Benki ilikuwa ya kwao, lugha ya kwao, sheria ya kwao. Tatizo la benki inayofuata bendera ni kwamba bendera inaweza kushushwa.

Vita vya 1914 vilipoikata koloni na Ulaya, noti zikapungua. Serikali ikaanza kuchapa noti za dharura hapa hapa nchini, nyingine kwa karatasi duni kabisa, na mwaka 1916 kule Tabora wakagonga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Sarafu zile za tembo leo zinatafutwa na wakusanyaji dunia nzima, maana dhahabu ni dhahabu. Lakini wale waliokuwa wamelipwa kwa zile noti za karatasi? Vita vilipokwisha, serikali iliyozitolea ahadi haikuwepo tena, na benki zake zikafungwa. Somo hilo lilikuwa kali, na walionyimwa usingizi nalo sio Wajerumani tu. Ni pamoja na wauza maduka wa Kihindi na Waafrika waliouza mazao na kupokea karatasi.

Kila mtu na benki ya kwao

Waingereza walikuja na benki zao wakati bunduki bado zinalia. Standard Bank ya Afrika Kusini ilifungua Dar es Salaam mwaka 1917. Ikafuatana na National Bank of India, ambayo tayari ilikuwa Unguja na Mombasa tangu miaka ya 1890, na National Bank of South Africa, ambayo katikati ya miaka ya 1920 iliingizwa katika Barclays DCO. Sarafu ikabadilishwa tena: Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwishoni mwa mwaka 1919, florini ikajaribiwa mwaka 1920, na shilingi ikaanza mwaka 1921. Shilingi 20 kwa pauni moja ya London, basi.

Benki hizo tatu zilitawala kwa miaka arobaini na kitu. Baadaye wakaongezeka wengine: Waholanzi mwaka 1951, Bank of Baroda, Bank of India, Ottoman Bank, na baada ya uhuru National Bank of Pakistan na Commercial Bank of Africa, ambayo ilianzishwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1962. Ukiitazama orodha hiyo utaona jambo: ilikuwa ni ramani ya makabila ya biashara. Mgiriki na Mwingereza wa mkonge walikuwa na kwao, Mhindi wa dukani na kwao, Mholanzi na kwao. Mgeni hakuuliza benki ipi ina riba nzuri. Aliuliza ni benki ipi inayomjua baba yake.

Na majengo yao yalikuwa mjini kati, karibu na bandari na ile Acacia Avenue iliyokuja kuitwa Independence na sasa Samora. Kinondoni, Magomeni na Temeke, vitongoji vilivyopangwa kwa ajili ya Waafrika miaka ya baada ya Vita ya Pili, vilipata nyumba, visima na masoko. Benki hazikuwa sehemu ya mpango. Kwani za nini? Tangu miaka ya 1920 koloni lilikuwa na sheria ya kudhibiti mikopo kwa wenyeji. Kwa sheria hiyo, mfanyabiashara aliyemkopesha Mwafrika bila kibali cha afisa wa serikali asingeweza kumdai mahakamani. Eti ilikuwa ni kumlinda mwenyeji asiingizwe kwenye madeni! Matokeo yake, fundi seremala wa Kinondoni hakuwa na njia ya kukopa mbao, wakati jirani yake mgeni wa Chang'ombe alikuwa na meneja wa benki anayekula naye chakula cha mchana.

Nawaomba mlikumbuke jambo hili tunapofika kwenye mwaka 1967. Wapo wanaoulaani mwaka ule kama vile kabla yake kila kitu kilikuwa shwari. Shwari kwa nani?

Jumatatu ile ya Februari

Serikali huru ilikuwa imeshaanza kujenga mlango wake. Benki Kuu ya Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ikafungua shughuli zake Juni 14, 1966, gavana wake wa kwanza akiwa Edwin Mtei. Kisha likaja Azimio la Arusha, lililotangazwa Jumapili, Februari 5, 1967. Kesho yake, Jumatatu Februari 6, Mwalimu akatangaza kwamba benki za biashara zinataifishwa. Zikaunganishwa kuwa kitu kimoja: Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, chini ya uongozi wa Amon Nsekela. Wenye benki walilipwa fidia baada ya mazungumzo marefu.

Jiweke katika viatu vya mwenye kampuni ndogo ya kigeni asubuhi ile. Juzi alikuwa mteja wa Grindlays, leo ni mteja wa NBC. Keshia ni yule yule, kaunta ni ile ile, ila benki zile kubwa za London hazina tena tawi hapa. Swali letu, "benki ipi?", likafa ghafla. Jibu likawa moja kwa wote, kuanzia kiwanda mpaka duka la nguo. Na lazima tuseme ukweli wote: NBC ndiyo iliyopeleka matawi mikoani na wilayani ambako benki za wakoloni hazikuona faida ya kwenda. Watanzania ndio waliokaa kwenye viti vya mameneja kwa mara ya kwanza. Hilo halikuwa jambo dogo.

Tatizo lilikuja kwenye fedha za kigeni. Benki moja, mlango mmoja, na dola zikiwa haba, mwenye funguo anakuwa mfalme. Hata wageni wakubwa walitafuta njia za kando. Angalieni ujenzi wa TAZARA kati ya 1970 na 1975: sehemu ya gharama za ndani za reli ile ililipwa kwa kuleta bidhaa za Kichina ziuzwe madukani kwetu, ili shilingi zinazopatikana zilipe kazi. Yaani taifa zima la China lilipotaka shilingi za Tanzania, halikwenda kaunta ya benki. Lilileta bidhaa za dukani.

Mdogo hakuwa na njia hiyo. Mwenye karakana ya Chang'ombe aliyeagiza vipuri kutoka Uingereza miaka ya mwisho ya 1970 alipeleka shilingi zake NBC, akapewa stakabadhi, akaambiwa asubiri. Fedha zake zilikuwepo. Dola hazikuwepo. Muuzaji wa ng'ambo akasubiri mwaka, miaka miwili, mitano. Malimbikizo ya madeni hayo yakawa mlima, na mwaka 1985 akaunti yake ikahamishiwa Benki Kuu. Jina lake mnalijua vizuri kuliko mnavyojua majina ya mawaziri: EPA. Ndiyo, ile ile! Kabla haijawa jina la ufisadi ilikuwa ni daftari la ahadi zilizoshindikana kwa kampuni za nje, nyingine ndogo tu, ambazo zilikuwa zimeuza mali kwa uaminifu. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kuichezea. Madai yalikuwa ya zamani, wadai wako mbali, na karatasi zimechakaa. Ukaguzi ulionyesha kwamba katika mwaka wa fedha 2005/06 zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa kampuni 22, baadhi kwa nyaraka za kughushi. Januari 2008 Rais Kikwete akatengua uteuzi wa Gavana Daudi Ballali. Deni la benki iliyokosa dola miaka ya sabini lilikuja kuliwa na watu wa miaka ya elfu mbili.

Ruksa

Mzee Mwinyi aliporuhusu, mambo yalikwenda hatua kwa hatua. Mwaka 1984, bado Mwalimu akiwa Ikulu, wenye dola zao nje walikuwa wameshakubaliwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Tume ya Rais chini ya Charles Nyirabu ilichunguza mfumo wa benki na kutoa taarifa yake mwaka 1990. Sheria mpya ya mabenki ikapita mwaka 1991, ya fedha za kigeni ikaja mwaka 1992, maduka ya kubadili fedha yakachipua kama uyoga. Swali letu likafufuka: benki ipi?

Wa kwanza kurudi mwaka 1993 alikuwa Standard Chartered, mrithi wa ile Standard ya 1917. Karibu naye alikuja Meridien BIAO, benki iliyokuwa imesambaa katika nchi nyingi za Afrika, iking'aa kweli kweli. Waliochoka na foleni za NBC walikimbilia huko. Mwaka 1995 kundi zima la Meridien likaanguka. Tawi la Tanzania likaokolewa kwa kuchukuliwa na Standard Bank ya Afrika Kusini, ndipo ikazaliwa Stanbic tunayoijua. Miaka minne baadaye, Greenland ya Uganda ilipoanguka kwao Kampala mwaka 1999, na tawi lake la Dar likafungwa. Funzo la Wajerumani likarudiwa: benki ya nje inaweza kuwa na ofisi nzuri hapa na ugonjwa wa moyo kwao.

NBC yenyewe ilikuwa imelemewa na mikopo isiyolipika. Mwaka 1997 ikagawanywa, ikazaliwa NMB kwa ajili ya watu wa kawaida na NBC mpya kwa ajili ya biashara, na mwaka 2000 ABSA ya Afrika Kusini ikanunua asilimia 55 ya hiyo NBC. Mwaka huo huo Barclays ikarudi Dar es Salaam. Sasa sikilizeni kichekesho hiki cha historia: mwaka 2005 Barclays ikanunua hisa nyingi za ABSA. Kwa hiyo benki iliyonyang'anywa matawi yake Februari 1967 ikawa mwenye mali wa mrithi wa mnyang'anyi wake. Miaka 38 tu!

Jina kubwa sio ukuta

Kampuni ndogo za wageni sasa zilikuwa na chaguo tele, na matawi yakaanza kuwafuata huku nje ya mji. Mlimani City ilipofunguliwa mwaka 2006, mtu wa Mwenge au Sinza hakulazimika tena kwenda Posta. Lakini chaguo tele sio usalama tele. Nitataja visa vitatu tu.

Cha kwanza ni FBME. Ilisajiliwa hapa mwaka 2003 baada ya kuhama kutoka visiwa vya Cayman, huku biashara yake kubwa ikiwa Cyprus. Julai 2014 idara ya Marekani ya kupambana na uhalifu wa fedha iliitaja kuwa tishio kubwa la utakatishaji wa fedha. Benki za nje zikaikatia njia za dola, Benki Kuu yetu ikaichukua chini ya uangalizi, na Mei 2017 ikafuta leseni. Tazameni: uamuzi uliotoka Washington ulimfunga mkono mteja wa Dar es Salaam ambaye hakuwa na habari na Cyprus.

Cha pili, Januari 4, 2018, Benki Kuu ilifunga benki tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji wa kutosha: Covenant, Efatha, Njombe, Kagera na Meru. Hizi zilikuwa za wananchi wa kawaida na wajasiriamali. Bima ya amana wakati ule ililipa mwisho wa shilingi milioni 1.5 kwa mteja. Baadaye kikomo kikapandishwa hadi milioni 7.5. Kwa mtu binafsi ni afadhali. Kwa kampuni yenye mishahara ya watu kumi na tano, haitoshi hata mwezi mmoja.

Cha tatu ndicho kinachotuhusu zaidi. Bank M ilianza mwaka 2007 ikilenga hasa wafanyabiashara: matawi machache, huduma ya karibu, meneja anayekujua kwa jina. Karibu kama zama za Taria Topan! Agosti 2018 Benki Kuu ikaichukua kwa sababu ya ukosefu wa ukwasi na kusimamisha shughuli zake kwa siku 90. Januari 2019 ikaamuliwa mali na madeni yake yahamie Azania. Siku 90 kwa kampuni kubwa ni usumbufu. Kwa kampuni ndogo ya Chang'ombe, siku 90 bila akaunti ni kifo.

Na majina makubwa? Standard Chartered, yule wa 1917, mwaka 2022 alitangaza kuachana na huduma za wateja binafsi na biashara ndogo hapa Tanzania ili abaki na kampuni kubwa, na mwaka 2023 yakatangazwa makubaliano ya kuziuza kwa Access Bank ya Nigeria. Hakufilisika. Aliona tu kwamba watu wadogo hawamlipi. Basi mgeni mdogo asidhani kwamba jengo refu linampenda.

Wanaobeba mzigo

Dada mmoja ninayemfahamu ni mhasibu wa kampuni ya namna hiyo huko Mikocheni. Nilimuuliza bosi wake alichaguaje benki. Akacheka. "Kaka, aliuliza Wachina wenzake wako wapi, akaenda huko huko." Kumbe ni miaka ya hamsini tena! Kisha akanieleza kazi yake ilivyo: kupeleka katiba ya kampuni, azimio la bodi, vibali vya ukaazi, leseni ya biashara, picha za wakurugenzi, na kila mwaka kuambiwa alete upya. Mwaka jana malipo ya mteja wa nje yalikwama kwenye benki yao siku kumi na moja kwa sababu jina kwenye ankara lilikosa neno moja la jina la kampuni. Mishahara ikachelewa. "Bosi ana akiba kwao," akasema. "Sisi wenye nyumba atatusubiri?"

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Benki ikiyumba, mgeni anapoteza mtaji, na inauma, lakini ana pa kurudi. Mtanzania aliye ndani ya geti anapoteza kodi ya nyumba ya Mbagala na ada ya mtoto. Kwa hiyo maswali ya kuchagua benki sio ya bosi peke yake. Mhasibu, msimamizi, hata mkurugenzi mzawa wana haki ya kuyauliza. Benki hii ni ya nani, na huyo mwenyewe yuko salama kwao? Dola zake zinapita benki gani za nje? Mizania yake ya robo mwaka, ambayo inachapishwa magazetini kwa sheria, inaonyesha mikopo mibaya inapanda au inashuka? Na tunaweka mayai yote katika kapu moja, au fedha za mishahara zina akaunti ya pili kwingine?

Niongeze la mwisho kuhusu wakurugenzi wazawa, maana vijana wenzangu wengi wanaombwa "kuweka jina tu". Julai 2025 serikali ilitoa amri inayokataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo za rejareja, saluni, ufundi wa simu na uwakala wa fedha za simu, na ikaweka adhabu pia kwa Mtanzania anayemsaidia mgeni kukwepa. Machi mwaka huo huo zilitoka kanuni zinazokataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini. Sahihi yako kwenye fomu ya benki sio mapambo. Siku ya maswali, benki itafungua faili na kumtafuta mwenye sahihi, na mwenye fedha anaweza kuwa ameshapanda ndege.

Katika miaka yote hiyo, tangu hundi za Unguja mpaka leo, mgeni mdogo amekuwa akitafuta benki inayomjua. Tusimlaumu, hata sisi tungefanya hivyo ugenini. Linalonikera ni jingine: fundi wa vioo Mtanzania wa Temeke, aliyejifunza kazi ndani ya geti hilo hilo, akitoka kwenda kuanza karakana yake anaombwa hati ya nyumba kabla hajapewa mkopo wa mashine moja. Sheria ya kuwalinda wenyeji na mikopo ilifutwa zamani. Benki gani inamjua yeye?

Tafakari.